Kunja, Punguza, Legeza: Uhakiki wa Vitenzi katika Istilahi za Tanga

Utangulizi

Orodha nyingi za istilahi zinazowafikia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali zina upungufu mmoja: zimejaa majina ya vitu, na vitenzi ni haba. Mtu akitafuta jina la sehemu ya mtambo atalipata, au walau atapata jina la kuazima. Lakini akitaka kujua sehemu hiyo hufanywa nini, kwa mpango gani, na ni amri ipi itolewayo wakati wa kuifanya, orodha humwacha njiani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha hasara ya upungufu huo kwa mfano mmoja mdogo, nao ni mtambo wa kukunjia tanga kuu katika mashua ya kisasa ya matembezi, pamoja na matunzo yake.

Yawezekana msomaji wa Geita au Shinyanga akauliza mfano huu unamhusu nini. Mashua za namna hiyo huonekana zaidi katika bandari za pwani, kama Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, na miongozo yake huandikwa kwa Kiingereza, ingawa mabaharia na mafundi wanaozitunza huko ni wasemaji wa Kiswahili. Sisi tumeuchagua mfano huu kwa makusudi. Katika ukanda wa Geita na Shinyanga kuna watu wa aina mbili ambao maisha yao hutegemea kamba, kapi na sauti ya mwenzao: wavuvi wa tanga ziwani, na wachimbaji wadogo wa dhahabu mashimoni. Tutajaribu kuonyesha kwamba vitenzi ambavyo mfasiri wa mwongozo wa mashua huvikosa katika orodha zake, watu hao wanavyo, na huvitumia kila siku bila kuchanganya.

Tanga katika Ziwa Victoria

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana kwamba istilahi za tanga ni mali ya pwani peke yake. Matanga ya namna ya pwani yalifika Ziwa Victoria zamani, pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Songoro alikuwa na jahazi katika upande wa kusini wa ziwa. Jahazi hilo limetajwa katika historia kwa sababu ya ugomvi uliotokea Ukerewe mwezi Desemba 1877, ambapo wamisionari wawili wa Kiingereza, Smith na O'Neill, waliuawa. Basi kwa muda wa karne moja na nusu chombo cha tanga, na lugha iliyokuja nacho, vimekuwa ziwani.

Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Upande wake wa kaskazini ni ufuko wa ziwa, wenye mialo kama Nkome, Nungwe na Kasenda. Injini za kufunga nyuma ya mtumbwi zimeenea sana, lakini tanga halijatoweka. Hesabu za vyombo vya uvuvi zilizofanywa na nchi tatu za ziwa hili tangu mwaka 2000 zimevigawa vyombo kwa namna vinavyoendeshwa, yaani kwa kasia, kwa tanga au kwa injini. Mvuvi asiyemudu bei ya petroli huutegemea upepo. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana jua likishapasha nchi joto hugeuka ukavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ule wa kwanza huenda naye, na huu wa pili humrudisha.

Mwalimu wa Shinyanga anapofundisha methali isemayo "Dau la mnyonge haliendi joshi", mara nyingi huwaambia wanafunzi kwamba maana yake ni kuwa mnyonge hafanikiwi. Maelezo hayo si makosa, lakini yameacha nyuma kiini cha methali. Joshi ni upande utokako upepo. Chombo kiendacho joshi hukaribia kuukabili upepo, na kazi hiyo hutaka tanga zuri, kamba imara na mikono inayojua lini kuvuta na lini kulegeza. Mnyonge hana tanga zuri, wala hana mabaharia wa kutosha. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo ataielewa methali, na zaidi ya hayo ataelewa kwamba lugha yake ina neno kamili kwa jambo ambalo mfasiri asiyelijua hulieleza kwa maneno matano.

Neno moja, kazi nne

Tuje sasa kwenye kitenzi chenyewe. Kwa jambo lolote la kuliondoa tanga katika upepo, mfasiri wa kawaida huandika "kunja". Twasema kunja tanga kama tusemavyo kunja nguo, kunja jamvi, kunja mkeka. Lakini tukitazama kwa makini tutaona kwamba nguo hukunjwa kwa kulalishwa pande juu ya pande, na mkeka hukunjwa kwa kuviringishwa. Kiswahili cha kila siku hakioni shida kuyaita mambo haya mawili kwa neno moja, kwa sababu mwenye mkeka anaujua mkeka wake. Shida huzuka pale neno linapoingia katika mwongozo, likasomwa na mtu ambaye bado hajakiona kitu.

Katika chombo cha tanga kuna kazi nne ambazo hapana budi zitofautishwe.

Ya kwanza ni kutua tanga. Kamba iliyolipandisha hulegezwa, na tanga hushuka pamoja na foromali yake. Hii ndiyo kinga ya jahazi, na ndiyo kinga ya mvuvi wa Nkome aonapo wingu jeusi likija juu ya maji.

Ya pili ni kukunja tanga kwa maana halisi, yaani kulilalisha pande juu ya pande likiwa limekwisha kutuliwa, kisha kulifunga.

Ya tatu ni kuviringisha tanga, yaani kulizungusha kwenye mti au ufito mpaka liwe kama mkeka uliokunjwa.

Ya nne ni kupunguza tanga: kuliacha likifanya kazi, lakini kwa eneo dogo zaidi, kwa kuwa upepo umezidi. Kazi hii haina nafasi kubwa katika jahazi la pwani, ambako desturi imekuwa kutua tanga kubwa na kufunga dogo mahali pake.

Mtambo wa kisasa wa kukunjia tanga kuu umeziunganisha kazi ya tatu na ya nne. Una namna mbili zilizo maarufu. Katika namna moja, mlingoti una uwazi ndani yake, na katika uwazi huo umesimama ufito mrefu unaozunguka. Ukingo wa mbele wa tanga umeshikana na ufito huo. Ukizungushwa, tanga huingia mlingotini kupitia ufa mwembamba. Katika namna ya pili, ufito umo ndani ya mti uliolala chini ya tanga, na tanga hushuka na kuviringwa humo. Ukizungusha mara tatu umepunguza tanga. Ukizungusha mpaka mwisho umelikunja lote. Mwendo wa mkono ni ule ule, ila kipimo kimetofautiana. Kwa hiyo amri ifaayo katika chombo cha namna hii ni "Punguza mizunguko mitatu!" au "Viringisha lote!". Amri ya "Kunja tanga!" peke yake haimwambii baharia asimame wapi.

Na hapa ndipo palipo na hatari ambayo neno moja huificha. Tanga la jahazi, au la mtumbwi wa ziwani, likisumbua wakati wowote laweza kutuliwa. Tanga lililoviringwa ndani ya mlingoti haliwezi. Ili lishuke, sharti kwanza lifunguliwe lote, kwa sababu sehemu iliyokwisha kuingia imeshikwa na ufito ndani. Likikwama nusu ndani, nusu nje, halikunjiki, haliongezeki wala halituliki, na upepo hauningoji fundi. Mwongozo unaosema "kunja" mahali pa kutua, na "kunja" mahali pa kuviringisha, umemnyima baharia habari hiyo moja ambayo ingemfanya apunguze tanga mapema, kabla upepo haujawa mkali.

Legeza na achia

Jozi ya vitenzi iliyo muhimu kuliko zote katika jambo hili ni legeza na achia. Kamusi zikivieleza vitenzi hivi kwa kuvikaribisha, mfasiri hudhani kwamba aweza kuchukua chochote kati yake. Mtu wa kamba hawezi kudhani hivyo.

Mtambo wa ndani ya mlingoti hufanya kazi kwa kamba mbili zinazopingana. Ya kwanza huzungusha ufito na kuliingiza tanga. Ya pili imefungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, nayo hulivuta tanga kutoka nje kwenye mti wa chini. Ukivuta moja huna budi kulegeza nyingine. Kulegeza ni kuipa kamba nafasi kidogo kidogo huku umeishika, tena ikiwa imezungushiwa winchi ili uzito usiangukie mikono. Kuachia ni kuondoa mkono. Kamba ya pembe ya nyuma ikiachiwa, tanga huingia likiwa limelegea, hufanya makunyanzi, huwa nene kuliko ufa wa mlingoti, na hukwama. Na wakati wa kufungua tanga, ile kamba ya kukunjia ikiachiwa badala ya kulegezwa, tanga hutoka kwa kishindo, na kamba hujizungusha ovyo kwenye gurudumu lake, mizunguko ikapandana na kushikana. Sehemu kubwa ya kukwama kwa mitambo hii hutokana na namna kamba zilivyoshikwa, wala si na ubovu wa chuma.

Sasa tuondoke ziwani twende Nyarugusu au Rwamgasa mkoani Geita, ama Mwakitolyo mkoani Shinyanga. Huko mchimbaji mdogo hushuka katika shimo ambalo yeye na wenzake huliita duara. Juu ya shimo kuna kamba, na mahali pengine kuna winchi ya kuzungushwa kwa mkono. Aliye chini na aliye juu hawaonani. Kinachowaunganisha ni kamba na sauti. Aliye chini akisema "Legeza!" anataka apewe nafasi huku mwenzake ameshika. Neno "Achia!" halisemwi mpaka mzigo umefika chini na mtu amesimama kando. Hapana haja ya semina ya istilahi kumfundisha mtu huyo tofauti hiyo, maana anayeikosea humuumiza mwenzake.

Basi mfasiri anayeandika "achia kamba taratibu" katika mwongozo wa mashua ameandika jambo ambalo mtu wa duara angelikataa mara moja. Kuachia hakuna taratibu. Kinachofanywa taratibu ni kulegeza. Neno "taratibu" limetiwa hapo kuokoa kitenzi kilichochaguliwa vibaya, na katika dhoruba baharia husikia kitenzi tu. Kielezi hupeperuka na upepo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba istilahi ya kazi yoyote yenye kamba ipimwe kwanza kwa amri. Neno litamkwe kwa sauti kuu, peke yake, kwa mtu asiyemwona msemaji. Akifanya jambo lililokusudiwa, neno limefaulu. Akifanya jingine, halifai, hata kama limekaa vizuri katika jedwali.

Majina ya sehemu

Tukija kwenye majina, lawama yetu ni mbili, na zinaelekea pande mbili tofauti.

Lawama ya kwanza ni kwa wale wanaofasiri kwa kufuata neno la kamusi bila kukitazama kitu. Gurudumu lile linalopokea kamba ya kukunjia lina jina la Kiingereza ambalo ndilo pia litumikalo kwa ngoma na kwa pipa. Mfasiri aliye mbali na kitu hicho ataandika "ngoma ya tanga" au "pipa la kamba", na msomaji atatafuta ngoma mashuani asiione. Vivyo hivyo, mti uliolala chini ya tanga huweza kuitwa foromali na mtu aliyeona kwamba foromali ni mti wa tanga. Lakini foromali huning'inia juu, na tanga huning'inia kwake. Mti huu wa kisasa uko chini, na tanga husimama juu yake. Kuuita foromali ni kumwambia baharia atazame juu wakati hatari iko usawa wa kichwa chake. Wengine watataka kuazima neno la Kiingereza na kusema "bumu". Hao wakumbuke kwamba bum ni jina la aina ya jahazi la Ghuba linalojulikana sana katika bandari zetu. Sisi tungeridhika na "mti wa chini", jina lisilo na sifa nyingi ila halimpotezi mtu.

Lawama ya pili ni kwa wapenzi wa maneno ya pwani wanaodhani kwamba neno likiwa la zamani tayari limekwisha kufaa. Kiswahili cha mabaharia kina utajiri mkubwa: henza na jarari kwa kamba za kupandishia, demani kwa kamba ya kulitawala tanga, goshi kwa pembe ya mbele ya chini, kapi na roda kwa vyombo vya kupitishia kamba. Tunautetea utajiri huo. Lakini demani ni kamba, na pia ni jina la majira ya mwaka. Mwanafunzi wa Kahama akipewa demani bila maelezo atalikumbuka la majira, ikiwa atalikumbuka lolote. Neno la pwani likipelekwa bara lipelekwe pamoja na picha na maelezo yake, kama vile chombo kiuzwavyo pamoja na vipuri vyake.

Mfano mzuri wa jambo hili ni neno duara lenyewe. Kamusi za zamani zimelieleza kuwa ni kitu cha mviringo, na pia ni chombo cha kuzungusha kwa ajili ya kuvuta kamba nzito, kama kile cha kupandishia nanga. Kwa maana hiyo ya pili, duara lingekuwa jina zuri sana la gurudumu la kukunjia tanga. Lakini katika ukanda wa dhahabu duara ni shimo la mchimbaji. Ukiandika "paka duara grisi", fundi wa Unguja aliyezoea vyombo ataelewa, na mtu wa Nyarugusu atacheka. Je, tuliache? La. Tuseme "duara la kamba", na maana itakuwa wazi kote. Neno mwalo nalo liko hivyo. Nkome ni mahali samaki wanaposhushwa, na machimboni ni mahali mchanga wenye dhahabu unapooshwa. Wakazi wa Geita huishi na mialo hii miwili bila kukosana, kwa kuwa huongeza neno moja la kubainisha inapohitajika. Mtunga istilahi na aige busara hiyo kabla ya kufuta neno la watu kwa kisingizio cha utata.

Kanuni tuliyoizoea katika kuunda istilahi inajulikana. Tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Kanuni hiyo ni nzuri. Kasoro iko katika utekelezaji, kwa maana hatua ya kwanza mara nyingi hutimizwa kwa kufungua kamusi tu. Kamusi ni ghala la maneno yaliyokwisha kukusanywa. Neno ambalo hakuna aliyekwenda kulikusanya mwaloni au kwenye duara halimo ghalani, na mfasiri hulihesabu kuwa halipo.

Ukanda huu una kumbukumbu ya karibuni kuhusu gharama ya neno. Mwezi Machi 2017 Serikali ilipozuia kusafirisha nje makinikia ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyoko Kahama, wananchi wengi waliyajua kwa jina la mchanga. Aliyesikia mchanga alifikiria udongo wa kawaida uliochotwa na kupakiwa. Aliyesikia makinikia aliweza kuuliza yamepitia mitambo gani, na ndani yake mna shaba, dhahabu na fedha kiasi gani. Ni bora neno sahihi liwafikie watu kabla ya siku ya mjadala.

Matunzo, ukaguzi, matengenezo, ukarabati

Eneo la mwisho tunalotaka kulihakiki linawahusu hasa watumishi wa serikali, kwa sababu kosa lake huonekana katika makadirio ya fedha.

Miongozo ya mitambo ya tanga husisitiza kazi ndogo zinazofanywa kabla kitu hakijaharibika. Mtambo usuuzwe kwa maji baridi ili kuondoa chumvi. Kamba ichunguzwe pale inapopita kwenye kapi, kwa maana hapo ndipo inapolika. Beringi zitazamwe kama zinazunguka bila kukwaruza. Zile zilizofungwa kiwandani zisitiwe grisi, na zile zinazotaka grisi zitiwe kiasi, kwani grisi iliyozidi hukusanya mchanga. Kamba ya kupandishia tanga ikazwe kwa kipimo: ikilegea, tanga hufanya makunyanzi na kukwama, ikikazwa kupita kiasi, ufito huelemewa na kuzunguka kwa shida. Ukingo wa tanga unaobaki nje baada ya kuviringwa ufunikwe kwa kitambaa cha kinga, maana jua hula nyuzi. Katika ziwa hakuna chumvi, lakini jua ni lile lile, na vumbi na mchanga wa ufukoni havina huruma kwa beringi.

Wakulima wa pamba wa Shinyanga hawatashangaa tukiongeza kwamba matanga ya zamani, yaliyoshonwa kwa nguo ya pamba, yalikuwa na sharti lake. Tanga bichi halikukunjwa, kwa kuwa pamba iliyofungwa ikiwa na maji huoza. Matanga ya leo ya nyuzi za kiwandani hayaozi upesi namna hiyo, lakini yakiviringwa yakiwa mabichi huota ukungu. Hivyo sharti la kukausha kwanza limebaki, ingawa sababu yake imebadilika.

Je, kazi hizi zote ziitwe nini? Tumezoea kuona neno moja likibebeshwa mzigo wote. Wakati fulani ni "ukarabati", wakati mwingine ni "matengenezo", na katika tafsiri za haraka ni "huduma", kana kwamba mlingoti ni mgonjwa au mteja. Sisi twaona kwamba Kiswahili kina maneno manne yanayotosha, kila moja likiwa na mahali pake. Ukaguzi ni kutazama bila kubadili kitu. Matunzo ni kazi ya mara kwa mara ya kuzuia uharibifu. Matengenezo ni kurudisha katika hali ya kazi kitu kilichoharibika. Ukarabati ni kazi kubwa ya kukirudishia uzima chombo kilichochakaa kwa jumla.

Ofisi inayoandika "ukarabati" peke yake katika bajeti yake itapata fedha baada ya chombo kuchakaa. Ofisi inayoandika "matunzo" itanunua kamba kabla haijakatika. Jambo hili ni kweli kwa boti ya doria, kwa kivuko, kwa pampu ya kijiji, na kwa winchi iliyoko juu ya duara. Mchimbaji anayeikagua kamba asubuhi kabla ya kushuka hafanyi ukarabati. Anatunza, na hatakiwi kusubiri fungu la fedha ili afanye hivyo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo yafuatayo yafikiriwe na wanaohusika.

1. Kila orodha ya istilahi za mtambo au chombo ianze na vitenzi, na kila kitenzi kiwe na sentensi moja ya amri. Majina yafuate.

2. Katika istilahi za tanga, vitenzi tua, kunja, viringisha na punguza vitumike kila kimoja kwa maana yake kama tulivyoeleza, na kinyume cha viringisha kiwe fungua tanga.

3. Legeza itumike pale tu ambapo mkono unabaki kwenye kamba, na achia pale tu ambapo mkono unaondoka. Tofauti hii iwe ya lazima katika miongozo ya usalama ya vyombo vya majini na ya machimbo.

4. Majina yafuatayo yajaribiwe: mti wa chini, ufito wa tanga, duara la kamba, kamba ya kukunjia, kamba ya kutolea tanga. Maneno ya kuazima yaliyokwisha kuzoeleka, kama winchi, beringi na grisi, yasisumbuliwe.

5. Ukaguzi, matunzo, matengenezo na ukarabati yatofautishwe katika nyaraka za serikali, hasa katika makadirio na mikataba.

6. Walimu wa shule za mialoni na za maeneo ya machimbo wawape wanafunzi wao kazi ya kukusanya maneno ya kamba na vyombo kutoka kwa wazee wao, pamoja na mahali na namna yanavyotumika, na kuyapeleka kwa wanaoshughulika na kamusi.

Tunajua kwamba wako watakaosema kuwa mashua za matembezi ni chache mno kwetu kustahili mjadala huu. Jibu letu ni kwamba hatukuuanzisha kwa ajili ya mashua hizo peke yake. Mfasiri aliyejifunza kutenganisha legeza na achia katika mwongozo wa tanga hatayachanganya atakapopewa kufasiri kanuni za usalama za winchi ya machimbo. Na kanuni hizo wanaozisoma ni wengi, na wanaozitegemea bila kuzisoma ni wengi zaidi.